Keke Niliyomchagulia Mtu wa Rika Langu

Nilikosa, ndugu zangu. Tena sikukosa kwa bahati mbaya. Nilikaa nikafikiri, nikapanga, kisha nikalichagua kosa langu taratibu kama mtu anavyochagua ndama wa kufuga. Jina langu silitaji, na wengi wenu hamtalijua kamwe. Afadhali hivyo.

Mambo yenyewe yalitokana na keke, kile chombo cha kuzungusha kwa mkono cha kutobolea mbao na chuma. Najua mtacheka. Mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni anaungama habari ya keke! Chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Mtu niliyemkosea nitamwita Arap Sigei, ingawa silo jina lake. Yeye ni bakule wangu, maana yake tulitahiriwa siku moja na tukakaa menjo moja, ile nyumba ya kando ambamo vijana hufichwa mpaka wapone na wafundishwe. Kwetu sisi Wakipsigis bakule ni zaidi ya ndugu. Neno lake halipimwi. Akikuambia mto unavukika, unaingia majini bila kuuliza kina.

Sasa sikieni alichonifanyia huyo bakule, maana sikuanza mimi!

Mimi nilikuwa nafanya kazi katika karakana ya kiwanda cha chai cha Wazungu, upande wa Kericho. Nyumbani ni Boito, na huko nilimwacha mama yangu peke yake. Baba alikwisha kufa. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilishuka, si ile ya kupukutisha majani tu, bali ile ya kuua hata kuku. Ikaitoboa nyumba ya mama, nyasi nyingi za paa zikalala chini.

Desturi yetu inajulikana. Mjane akiezuliwa paa, huita kokwet, ndio majirani wa mtaa mmoja, nao huja na nyasi, kamba na mikono yao. Yeye kazi yake ni kupika. Mama akapika. Akasonga ugali wa wimbi, akatoa vibuyu vyote viwili vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, alivyokuwa navyo. Watu wakaja, wakakaa uani.

Ndipo Arap Sigei akasimama. Ana sauti huyu mtu, na watu humfuata. Akasema, "Huyu mama kijana yake anakula kwa Wazungu. Si Wazungu waje waezeke?"

Watu wakacheka. Wakacheka, jamani! Halafu mmoja akaondoka, na wa pili, na wa tatu, mpaka uani pakabaki mama na sufuria zake.

Alikaa masika yote chini ya paa lile. Alikuwa anahamisha kitanda pembe hii na ile akifuata mahali pakavu. Kikohozi kikamshika. Mimi nilikuja kupata habari baadaye sana, nilipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, nikamkuta amejifunika gunia juu ya blanketi. Nikaezeka mwenyewe na binamu yangu mmoja. Kila tita la nyasi nililolifunga, nililifunga na jina la Arap Sigei.

Sikumwendea. Sikumwuliza. Nilikutana naye njiani nikamwambia, "Chamge, bakule," naye akajibu, "Chamge mising." Nikatabasamu. Lakini tumboni mwangu moto ulikuwa unawaka na kuni nilikuwa naongeza mwenyewe. Kila mama alipoanza kulitaja jina lake, mimi nilitoka nje. Sikutaka kusikia lolote. Miaka minne nililea kisasi kile kama mtoto wa pekee.

Kisha siku moja Mungu akaniletea Arap Sigei mpaka mlangoni. Au sijui kama alikuwa Mungu.

Nilikuwa nafuta mafuta mikononi, kazi imekwisha, nikamwona anakuja kati ya mistari ya chai, kofia mkononi. Tukasalimiana. Akakaa kwenye gogo nje ya nyumba za wafanyakazi. Akaniambia anajenga, tena si nyumba ya duara. Nyumba ya pembe nne, nguzo za mutamaiyo, ule mti mgumu kama chuma, boriti za mwerezi, mabati juu! Ya kwanza katika mtaa wetu.

"Yule mtu wa kupasua mbao ameniambia mabati ni mazito na upepo ya kwetu ni mbaya," akasema. "Ati boriti ifungwe na bolti, si misumari peke yake. Sasa natafuta keke. Wewe ndio unajua hii mambo ya chuma, bakule. Mimi najua ng'ombe tu. Twende Kericho, nichagulie."

Nichagulie! Mtu aliyemwacha mama yangu alale kwenye maji, leo ananiambia nimchagulie!

Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ndogo sana."

Usiku huo sikulala kwa furaha. Siwafichi. Niliona njia yote imenyooka mbele yangu.

Lazima niwaeleze kidogo habari ya keke ndipo mfahamu ubaya wangu. Katika duka la Mhindi tulilokwenda zilikuwapo mbili. Moja kubwa, nzito, mpini wake umepinda kama kiwiko, na ncha yake ni nene yenye skrubu mbele. Ile inajivuta yenyewe ndani ya mti. Inakwenda polepole lakini haina mchezo, hata mutamaiyo inaula. Hiyo ndiyo keke ya mjenzi. Ya pili ni ndogo, ina gurudumu lenye meno pembeni, limepakwa rangi nyekundu, na unalizungusha kwa kidole na gumba linakwenda mbio kama upepo. Ncha zake ni nyembamba, chuma kikavu, chepesi kukatika. Ile ni ya bati na mbao laini. Kutobolea nguzo ya mutamaiyo kwa keke ile ni kuchimba kisima kwa kijiko.

Mimi nilijua. Nilifanya kazi na zote mbili kila siku.

Arap Sigei akashika ile kubwa kwanza. Mkono wake ulimwambia ukweli, maskini. Akaipima uzito, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Weka hiyo," nikamwambia. "Hiyo ni ya wazee. Siku hizi sisi karakana hatuitumii."

"Lakini hii ingine ni ndogo namna hii. Itatoboa nguzo?"

"Itatoboa. Angalia inavyokimbia." Nikalizungusha lile gurudumu jekundu, likalia vizuri. "Unaanza na tundu jembamba, halafu unalipanua. Bolti inaingia yenyewe."

Nilidanganya kwa ufasaha mpaka nikajishangaa. Akatabasamu kama mtoto. Nikamwacha anamalizana na mwenye duka, nikatoka nje kuangalia baiskeli yangu, nikasimama juani nikijizuia kucheka.

Hebu sikieni nilichokuwa nakingoja. Siku ya kusimamisha nyumba kokwet yote itaitwa. Watu watakuja, mbuzi atachinjwa, boriti zitanyanyuliwa, halafu kazi itasimama! Ncha zitakatika moja baada ya moja, bolti hazitaingia, watu watakaa kwenye nyasi mpaka jua linainama, watachoka, watacheka, wataondoka. Na mimi nitasimama pale katikati ya ua, kama yeye alivyosimama, niseme, "Si Wazungu waje wajenge?"

Maneno hayo niliyafanyia mazoezi. Naona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa natembea peke yangu kati ya chai nikiyasema kwa sauti, mara kwa ukali, mara kwa mzaha, nikitafuta namna itakayomchoma zaidi.

Siku ikafika. Niliomba ruhusa kazini makusudi niende nikaone.

Nilipoingia ule ua mtu wa kwanza kumwona alikuwa mama yangu, yuko na wanawake wenzake, kibuyu cha mursik kifuani. Nikashtuka.

"Mama, hata wewe umekuja hapa?"

"Nyumba inajengwa," akanijibu, "nami nikae kwangu nifanye nini?"

Nikaona ni unyenyekevu wa mjane, nikazidi kukasirika. Nikasema moyoni, subiri mama, leo utafurahi.

Nguzo zilikwisha simamishwa. Wanaume walikuwa tayari na boriti. Ndipo Arap Sigei akaleta ile keke, imefungwa kwa kitambaa safi, akaifungua mbele ya watu wote kama mtu anayetoa kitu cha kanisani. Akaniita.

"Huyu ndiye aliyenichagulia," akawaambia. "Bakule yangu. Tundu la kwanza ni lake. Mwenye kuchagua ndiye afungue."

Sikulitazamia hilo! Nilitaka kuwa mtazamaji, na sasa nimewekewa mtego wangu mkononi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema. Wakati ule ningeweza kusema neno moja tu: hii si ya mbao. Ningesingizia nimekosea. Wangenitania kidogo na mambo yangekwisha. Lakini nilitazama zile nyuso, nikamwona huyu aliyecheka siku ile, na yule, na yule, wote wako hapo na kwa huyu wamekuja bila kuitwa mara mbili. Nikaichukua keke.

Tundu la kwanza niliingiza ncha kidogo tu, moshi ukaanza kunuka. Nikasema nguzo hii ina fundo, twende nyingine. Kwenye nguzo ya pili nikaegemea kwa kifua changu chote. Gurudumu likawa linalia vibaya.

Arap Sigei akapiga magoti upande wa pili. Akaweka uso wake karibu na mti, jicho moja amelifumba, jingine anaangalia kama ncha inakwenda sawa.

"Endelea, bakule," akasema. "Inaenda sawa."

Karakana yetu ina sheria moja ambayo hata mfagiaji anaijua. Uso wa mtu haukai karibu na keke inayofanya kazi. Nami niliuona uso wake pale. Niliuona! Nikaendelea kusukuma, kwa sababu nilikuwa na hasira na ule mti, na ile keke, na ile imani yake.

Chuma kikakatika. Kilitoa mlio mdogo tu, kama kijiti kikavu.

Arap Sigei hakulia. Watu wa menjo yetu hatulii. Alifunika jicho lake la kulia kwa kiganja akakaa chini, na damu ikatoka katikati ya vidole ikaingia kwenye mkono wa shati. Mkewe, mama Chebet, ndiye aliyepiga kelele. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeondoka. Na yale maneno yangu niliyoyanoa kwa wiki nzima yalinikaukia mdomoni.

Tulimbeba mpaka barabarani, lori la majani ya chai likamchukua. Hospitalini walijaribu, lakini jicho lilikuwa limekwenda.

Nilimtembelea siku ya tatu. Kichwa kimefungwa bandeji nyeupe. Aliposikia sauti yangu alinyoosha mkono kabla sijafika kitandani.

"Usijilaumu, bakule," akaniambia. "Wewe hukufanya kitu. Unajua yule Mhindi aliniambia? Wakati ulitoka nje kuangalia baiskeli. Alisema, hii ni ya bati, chukua ile kubwa."

"Nawe ukamwambiaje?"

Akacheka, halafu akashika bandeji kwa maumivu. "Nilimwambia, aliyenichagulia ni bakule yangu. Wewe ni nani?"

Ole wangu! Aliambiwa ukweli usoni, bure, na mtu asiye na ugomvi naye, naye akaukataa kwa sababu uongo ulitoka kwangu. Nilitazama sakafu ya hospitali. Sijui niliagana naye vipi.

Nikarudi Boito nikamweleza mama yote. Nilitaka mtu mmoja aniambie nilikuwa na haki. Nilifikiri atakuwa yeye.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Nani alikutuma?" akaniuliza.

"Nilifanya kwa ajili yako, mama. Si alikuacha kwenye mvua?"

"Kwa ajili yangu? Mimi nilikohoa nikapona. Arap Sigei alikuja hapa, wewe ulipokuwa umekwisha rudi kazini. Alikuja na mkewe. Alikaa hapo ulipokaa, akasema alifanya mzaha mbaya na ulimi wake ulimponyoka mbele ya watu. Akaniletea kondoo. Kuni za masika mbili nimeota ni za mama Chebet. Wewe ulifikiri nani alikuwa ananipasulia kuni?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila nikitaja jina yake, wewe unatoka nje."

Kweli, sikuwahi hata kujiuliza kuni zile zilitoka wapi.

"Hiyo ugomvi ilikuwa yangu," akasema mama. "Nikaimaliza. Wewe ukaenda ukaifukua kama fisi. Sasa kokwet ikikaa, wewe utasimama, utasema mbele ya watu vile umefanya."

Na hapa, ndugu zangu, ndipo kosa langu la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. Nilikataa! Nilimwambia sitasimama mbele ya watu wale wale waliomcheka wanihukumu mimi. Arap Sigei aliomba radhi, sawa. Na wale wengine? Nani kati yao alikuja na kondoo? Nilipiga hata meza. Mtu mwenye hatia huwa na kelele nyingi.

Mama hakubishana. Alisimama, akachukua kigoda chake, kibuyu chake kimoja na blanketi.

"Naenda kwa Arap Sigei," akasema. "Huko kuna mtu hana jicho na watoto wadogo, nitafaa. Siku utasema mbele ya kokwet, nitarudi. Kabla ya hiyo siku usinifuate."

Nami sikumfuata. Nilisimama mlangoni nikamtazama anashuka mteremko na kigoda kichwani.

Nyumba ile ilikwisha jengwa. Nani aliimaliza? Mimi! Nilipata ile keke kubwa, nikaja kila Jumapili, nikatoboa kila nguzo na kila boriti mpaka bolti ya mwisho ikakazwa. Watu wakanisifu. Wakasema, "Mwone huyu, bakule wa kweli ndiye huyu." Kila sifa iliniingia kama mwiba, na mama yangu akinipakulia chakula kama anavyompakulia fundi yeyote, bila kunitazama. Hakuwaambia neno. Arap Sigei anaamini mama amechoka kukaa peke yake. Siri yangu anaitunza yeye, mimi nikiwa siwezi hata kumtunza yeye.

Sasa ni mwaka wa pili. Nyumba yangu ina mlango mzuri na haina mtu. Na nikisema ukweli wote, maana nimeapa kusema wote, hata leo nikikumbuka kile kicheko cha uani damu yangu inachemka. Hasira haijaisha. Imekula kila kitu kilichokuwa karibu nayo, na bado ina njaa.

Basi wewe unayesoma ukiwa na kisasi kifuani, nakuonya. Mwendee mtu wako. Mtukane, mshike shati, mpeleke kwa wazee, lakini mwambie usoni ugomvi ni upi! Usitabasamu. Usimpe shauri huku moyoni unamzika. Na kama unalipiza kwa ajili ya mtu mwingine, kwanza muulize kama bado anadai. Na ewe fundi, mtu akikuuliza kifaa gani kinafaa, jua amekukabidhi mikono yake na macho yake. Mjibu ukweli hata kama humpendi.

Nimebakiza neno moja, na si lenu nyote.

Gazeti hili hufika Boito kwa basi. Katika mtaa wetu yuko mtu mmoja anayelinunua, alijifunza kusoma misheni, na jioni humsomea kwa sauti mama mmoja mzee ambaye hajui herufi. Nimewaona kwa dirisha. Yeye hugeuza kichwa kidogo, apate mwanga kwa jicho lililobaki.

Bakule, usinyamaze sasa. Usiruke mstari. Msomee mama mpaka hapa, kisha tuma mtu aite kokwet. Ni mimi.